Lori lililokata mawasiliano: siku kumi za Progress M-27M

Haya niliyaandika kwenye daftari mwaka 2015 nikiwa nasoma uhandisi Moscow, mwaka wa tatu, hosteli za mtaa wa Miklukho-Maklaya. Nimeyachapa kama yalivyo, nimetoa tu matusi kidogo na habari za msichana mmoja ambaye hahusiani na safari hii.

Jumanne, 28 Aprili

Nimekwepa kipindi cha kwanza. Sio uvivu, saa nne na dakika tisa asubuhi Progress, chombo cha Warusi cha kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ilikuwa inaondoka Baikonur, uwanja wao wa kurushia roketi kule Kazakhstan, na mi hizi huwa sizikosi, wenzangu wana Arsenal, mi nina hizi. Uzuri mmoja wa hapa ni kwamba tangu Oktoba Warusi warudishe saa zao nyuma, saa ya Moscow na ya nyumbani ni ile ile, kwa hiyo nikamtumia baba meseji, "Shikamoo baba, saa nne hii kuna lori linaondoka kwenda juu." Akajibu, "Marahaba. Juu wapi, Arusha?"

Baba ni dereva wa malori, Dar mpaka Tunduma, miaka ishirini na kitu, mara nyingine anavuka mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo nyumbani nikielezea mambo ya anga naelezea kwa lugha ya malori, hamna njia nyingine inayoingia.

Na kwa kweli Progress ni lori. Warusi walichukua Soyuz, chombo chao cha kubebea watu, wakang'oa viti, wakang'oa miamvuli, wakaondoa na ngao ya kuzuia moto maana hili halina safari ya kurudi, mbele wakaweka stoo ya mizigo yenye hewa, katikati matenki, nyuma injini. Likijaa ni tani saba na ushee, urefu mita saba na kidogo. La kwanza lilienda kituo cha Salyut 6 Januari 1978, baba bado yuko shule ya msingi, na toka hapo kazi ni ile ile, linapeleka chakula, maji, mafuta, vipuri, nguo, vifurushi vya familia, likishashushwa mzigo linakaa pale miezi, injini zake zinatumika kukisukuma kituo juu maana kituo chenyewe huwa kinashuka shuka taratibu, halafu wanalijaza takataka, wanaliachia, linaungulia juu ya Pasifiki. Hamna anayepiga nalo picha. Wanaanga wenyewe wanasema kitu wanachokumbuka ni ule mlango ukifunguliwa, harufu ya matunda na vitunguu inayotoka ndani baada ya miezi ya kunusa plastiki.

La leo linaitwa M-27M, Wamarekani kwenye hesabu yao wanaliita 59P. Mzigo kilo 2,357, yaani karibu kilo 1,400 vitu vikavu, maji 420, oksijeni na hewa 50, iliyobaki mafuta ya kituo. Safari masaa sita tu, mizunguko minne ya dunia, saa kumi na dakika saba jioni liwe limetia nanga kwenye Pirs, mlango wa kituo upande wa Warusi. Masaa sita! Baba kwa masaa sita akitoka Dar bado anautafuta Mlima Kitonga.

Roketi ikaondoka vizuri sana. Soyuz-2.1a, roketi yenye jina moja na kile chombo cha watu, anga ya Kazakhstan nyeupe, kila kitu kikaenda kama maji mpaka dakika kama ya tisa pale chombo kinapoachana na hatua ya tatu, yaani kipande cha mwisho cha roketi, mi nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Nimerudi mchana nakuta mambo yamebadilika. Kwanza wakasema antena za Kurs hawana uhakika kama zimefunguka zote. Kurs ndo macho ya Progress, bila hiyo haijui kituo kiko wapi wala inakifuata kwa spidi gani. Basi wakaachana na safari ya masaa sita wakasema tutaenda ile ya zamani, siku mbili, mizunguko 34, tutafika Alhamisi. Nikasema sawa, lori limepata hitilafu limepaki pembeni, yanatokea. Halafu ikatoka ile video ya kamera ya mbele ya chombo.

Nimeiangalia kama mara kumi. Dunia inapita. Jua linapita. Giza. Dunia tena. Jua. Chombo kinajizungusha, kinazunguka duara zima kila baada ya sekunde tano hivi. Mwenzangu wa chumbani, Mrundi, alikuwa amelala na simu sikioni anasubiri laini ya Bujumbura maana kule kumechafuka tangu juzi, akatupia jicho akauliza, "Ni mashine ya kufua?"

Jumatano, 29 Aprili

Usiku kucha wamejaribu kukituliza, hakitulii. Ugumu mwingine ni kwamba wanaongea nacho vizuri pale tu kinapopita juu ya ardhi ya Urusi ambako wana mitambo yao ya redio, dakika chache, kikishapita kinaenda zake na wanasubiri mzunguko mwingine. Na chombo kinachopinduka namna ile hata ukikitumia amri, antena yake inakuelekea sekunde mbili halafu inakupa mgongo.

Leo mkuu wa Roscosmos, shirika la anga la Urusi, Igor Komarov, ametoka kusema kuunganisha na kituo haiwezekani tena. Wamarekani wanaofuatilia vitu vya angani kwa rada wanasema wanaona vipande 44 karibu na chombo na hatua ile ya tatu, yaani kuna kitu kimepasuka pale. Na kilele cha njia yake kiko juu kama kilomita 40 kuliko ilivyopangwa. Kwa hiyo kimesukumwa. Sio antena tena hii.

Baba kapiga jioni, yuko Makambako.

"Enhe, lile lori lako limefika?"

"Halijafika baba, limeharibika njiani."

"Dereva anasemaje?"

"Halina dereva."

"Utingo?"

"Hamna mtu kabisa, linaenda lenyewe, watu wa chini ndo wanaliongoza kwa redio."

"Na hiyo redio inashika?"

"Haishiki."

Akanyamaza kidogo, nasikia malori yanapita nyuma yake. "Hilo sio lori basi. Hilo ni tela lililochomoka."

Nimeliandika kubwa ukutani juu ya kitanda.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo ndo ingefika, kwa ile ratiba ya siku mbili.

Watu kwenye gumzo la hosteli wanauliza kama wale wa juu watakufa njaa. Hapana. Kule saivi wako sita, Shkaplerov, Padalka na Kornienko kwa Warusi, Virts na Scott Kelly kwa Wamarekani, na yule dada wa Kitaliano Samantha Cristoforetti. Dragon ya Wamarekani imefika tarehe 17 mwezi huu huu na mzigo, na akiba wanayoweka kule ni ya miezi. Ila huwezi kusema hamna shida kabisa, Oktoba iliyopita roketi ya Wamarekani ililipuka sekunde chache tu baada ya kuondoka Virginia ikiwa na mzigo wa kituo hiki hiki, sasa hili. Duka halijaisha bidhaa, ila malori mawili hayajafika.

Mwingine akauliza kwa nini wale Warusi wa kwenye kituo wasilikamate wenyewe kwa rimoti. Swali zuri maana rimoti wanayo kweli, inaitwa TORU, unakaa ndani ya kituo na vijiti viwili na skrini, unaona anachoona chombo, unakiendesha mpaka mlangoni. Lakini hiyo ni ya mita za mwisho mwisho, na chombo kiwe kimetulia. Hata kikiwa kimetulia sio mchezo. Juni 25, 1997 kwenye Mir, kituo cha Warusi cha zamani, Vasily Tsibliyev alikuwa anajaribu kuileta Progress M-34 kwa TORU, picha kwenye skrini haimsaidii, chombo kinakuja haraka kuliko anavyodhani, kikagonga moduli ya Spektr, ikatoboka, hewa ikaanza kutoka. Yeye na Lazutkin na Mmarekani Foale ikabidi nyaya zilizopita mlangoni zikatwe na kuchomolewa wakaufunga mlango wa Spektr moja kwa moja. Kwa hiyo tani saba zinazopinduka kila sekunde tano unataka zikusogelee? Mi ningeziambia ziende salama.

Ijumaa, 1 Mei

Mei Mosi. Mvua. Mrundi hajalala, amekaa na redio ya simu. Sijamsumbua na habari za angani.

Jumamosi, 2 Mei

Nimeenda Korolyov. Sijui nilikuwa natafuta nini, nilijisikia tu kama mtu ambaye ndugu yake kalazwa, unaenda hospitali hata kama huruhusiwi kuingia.

Ni rahisi, metro ya mstari mwekundu toka Yugo-Zapadnaya mpaka Komsomolskaya hubadilishi, unatoka juu unaingia stesheni ya Yaroslavsky, unapanda ile treni ya umeme ya mitaani wanayoita elektrichka, kama dakika arobaini unashuka Podlipki-Dachnye. Sikukuu, treni imejaa wazee na miche ya nyanya kwenye ndoo wanaenda mashambani mwao. Bibi mmoja akaniuliza natoka nchi gani, nikasema Tanzania, akasema "aa, Kilimanjaro", akanipa tango la chumvi.

Ukishuka unauona ukuta wa Energia, kiwanda, mrefu unatembea na hauishi. Hapo ndani ndo Progress zinapotengenezwa, moja baada ya nyingine, kama mabodi ya mabasi. Kituo cha kuongozea safari, TsUP, kipo mji huo huo, jengo ambalo ungelipita ukadhani ni ofisi ya bima. Geti, mlinzi, na mti. Nilisimama ng'ambo ya barabara nusu saa nzima. Hamna mtu aliyekimbia, hamna king'ora, jamaa wawili walitoka na vikombe wakavuta sigara wakarudi. Nikawaza humo ndani kuna mtu anajua dakika kwa dakika lile tela linapita wapi, na hana cha kulifanya.

Halafu kuna kitu kilinichekesha njiani kurudi. Roketi haitengenezwi hapa, inatengenezwa Samara, kwenye kiwanda ambacho nacho kinaitwa Progress. Kwa hiyo Progress imeirusha Progress, na neno lenyewe maana yake ni maendeleo, na saivi Korolyov wanasema roketi ndo ilikosea na Samara wanasema chombo ndo kilikosea. Kichwa na tela wanasukumiana kesi.

Jumapili, 3 Mei

Habari ya furaha kutoka juu, Cristoforetti kanywa espresso. Wataliano wametengeneza mashine ya kahawa maalum kwa ajili ya anga, imekuja na ile Dragon ya Aprili, leo imewashwa na dada kanywa kahawa ya kwanza halisi kule, kwenye kikombe cha ajabu cha plastiki chenye mdomo kama wa ndege. Kwa hiyo kilomita 400 juu mtu anakunywa kahawa moto na chini yake kidogo, kwenye njia ya chini zaidi, kuna chombo chenye chakula chake kinapinduka pinduka. Sijui kama huwa wanakifikiria. Mi ningekifikiria.

Maana ukihesabu, vinapishana kila siku. Progress iko chini zaidi kwa hiyo ina spidi kubwa zaidi, inamaliza dunia kwa dakika kama 88 au 89, kituo dakika 92 na kitu. Yaani lori linakipita kituo kwa chini, mara kwa mara, halisimami.

Jumatatu, 4 Mei

Vifaru vimepita mtaa wa Tverskaya usiku huu, mazoezi ya gwaride la tarehe 9. Mwaka wa 70 tangu vita iishe, mji mzima una riboni za rangi ya chungwa na nyeusi, mpaka kwenye chupa za maji. Nilienda kuangalia na Wakongo wawili, lami inatetemeka mpaka unaisikia tumboni.

Na hapo ndo nikakumbuka, ndani ya Progress kuna bendera. Nakala ya ile Bendera ya Ushindi waliyoisimika Berlin mwaka 1945 juu ya jengo la Reichstag, walitaka Padalka na wenzake wawe nayo kwenye kituo siku ya sherehe. Imefungwa humo pamoja na maji na soksi. Siku tano kabla ya gwaride la miaka 70, bendera ya ushindi inazunguka dunia mara kumi na sita kwa siku ndani ya chombo kisichosikia amri. Wakongo walicheka mpaka mzee mmoja wa Kirusi akatugeukia. Tukaacha.

Jumanne, 5 Mei

Mama kapiga. Huyu huwa hapigi, anabip, ukiona anapiga ujue kuna jambo.

"Mwanangu, nimesikia kwenye redio kuna mtambo wa Warusi unaanguka. Usitoke nje."

Sasa hapa ikabidi nifikirie namna ya kumjibu. Maana ukweli ni huu. Progress ilirushwa kwenye njia yenye mteremko wa nyuzi 51.6, sawa na ya kituo, kwa hiyo inapita juu ya kila kitu kati ya nyuzi 51.6 kaskazini na 51.6 kusini na haivuki hapo. Moscow iko karibu nyuzi 56. Kama kilomita 460 nje ya mstari. Warusi wamerusha kitu ambacho hakiwezi kuangukia mji wao mkuu hata wakitaka. Ila Tanga kinapita juu yake. Dar kinapita juu yake, Mombasa, Bujumbura, Kigali, Kampala, Muscat, wote tumo ndani ya mkanda.

Nikamwambia, "Mama, hapa hakiwezi kufika kabisa."

"Alhamdulillah. Na huku?"

"...Huku kuna bahari kubwa mama."

Akanyamaza kama anavyonyamaza. "Baba yako yuko barabarani," akasema.

Nikaanza kumwelezea kwamba sehemu kubwa ya dunia chini ya ile njia ni maji, na kwamba chombo hakina ngao, kitaungua karibu chote, kitakachobaki ni vipande vya injini na matenki, na kwamba nafasi ya kimoja kumpata mtu mmoja aitwaye fulani kwenye kabini ya lori ni ndogo kuliko nafasi ya hilo lori kukatika breki Kitonga. Hiyo ya mwisho nilikosea kuisema.

Jumatano, 6 Mei

Hewa ndo inakila sasa. Kule juu kuna hewa kidogo sana lakini ukipita kwa kilomita 7.8 kwa sekunde hata kidogo hiyo inakukwangua, na kadri unavyoshuka inazidi, na jua likichangamka hewa ya juu inavimba inazidi tena, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukwambia saa kamili. Wanasema ni tarehe 8, wanatoa dirisha la masaa mengi. Nimepiga hesabu, ukikosea dakika moja tu umekosea kilomita 468, yaani karibu Dar mpaka Iringa. Ukikosea nusu saa umekosea mabara.

Nimemtumia baba hiyo ya Dar–Iringa kwa dakika. Kajibu, "Na mizani Kibaha?"

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi mazoezi ya mwisho Red Square, na yule kifaru wao mpya Armata, ambaye ndo mara ya kwanza anaonyeshwa, akazima katikati ya uwanja. Kimya. Wakaleta gari la kumvuta, likashindwa kumsogeza, mtangazaji kwenye spika eti haya ni maonyesho ya namna ya kuvuta gari bovu. Mwisho akawaka mwenyewe akaondoka. Hosteli nzima ilikuwa inaangalia ile video, fundi wetu wa lifti, Mtajiki, kacheka mpaka kakaa chini.

Nilivyoiona nikawaza wiki mbaya hii kwa magari ya Kirusi.

Usiku sijalala. Nimefungua ramani zile za mstari unaopita juu ya dunia kama mawimbi, kila baada ya muda naona kadoti kanapita Ufaransa, kanashuka Mediterania, kanapita juu ya Sudani, Ethiopia, Somalia, kanaingia Bahari ya Hindi. Mzunguko mmoja hivi unatukata nyumbani kabisa. Hakuna cha kuona, ni hesabu ya kompyuta tu, lakini kila kakikaribia Afrika Mashariki nilikuwa nashika simu. Mrundi kaamka saa tisa usiku kwenda chooni kanikuta, kauliza bado tu? Nikasema bado. Akakaa kitandani pangu tukaangalia wote kadoti kamoja bila kuongea, sijui yeye alikuwa anaangalia nini.

Ijumaa, 8 Mei

Saa kumi na moja na dakika nne alfajiri kwa saa ya hapa na ya kwetu. Roscosmos ndo wanasema hivyo, imeingia hewani juu ya Pasifiki na kuungua. Wamarekani kwa hesabu zao wanaweka baadaye kidogo, upande wa pwani ya Chile. Vyovyote vile ni majini, hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeona.

Mi mwenyewe nilikuwa nimesinzia juu ya kibodi. Siku kumi nafuatilia kitu na mwisho wake nimeupata kwenye habari saa moja asubuhi pamoja na bei ya dola.

Kilichonishangaza ni kwamba kiliangukia karibu pale pale ambapo kingetupwa hata kama safari ingekuwa nzuri. Progress zote mwisho wake ni Pasifiki ya kusini, kule mbali na meli na visiwa. Hii imefika tu mapema, haijashusha mzigo, na hamna aliyeielekeza.

Nikampigia mama. "Kimeanguka baharini." Akasema, "Bahari ipi?" Nikasema Pasifiki. "Hiyo iko mbali?" Mbali mama. "Haya, kalale." Kumbe alijua sijalala.

Jumamosi, 9 Mei

Gwaride. Armata zimepita zote, hakuna iliyozima. Xi Jinping alikuwepo jukwaani, na Mugabe pia, tuliona kofia yake hosteli ikalipuka kwa shangwe. Kuhusu bendera iliyoko chini ya Pasifiki sikusikia mtu akiitaja.

Jumatatu, 1 Juni

Naongeza hii maana leo wametoa sababu. Nafupisha. Sekunde moja na nusu kabla ya chombo kuachana na roketi data zilikatika. Tenki la oksijeni la hatua ya tatu lilipoteza presha, halafu na la mafuta, zile gesi zilizotoka ndo zikakisukuma chombo na kukizungusha. Na kwa nini? Wameiita upekee wa muundo, kwamba Progress na hatua ya tatu ya Soyuz-2.1a zikiwa zimefungwa pamoja zina namna yao ya kutetemeka ambayo haikuchunguzwa vya kutosha. Roketi yenyewe nzima. Chombo chenyewe kizima.

Nilimsomea baba kwenye simu nikitafsiri neno kwa neno. Hata hakushangaa. Akasema kuna kichwa kimoja cha kampuni yao, kizuri kabisa, na kuna tela moja, zuri kabisa, ukivifunga pamoja ukafika spidi fulani kwenye mteremko tela linaanza kutikisa mkia, na hakuna fundi aliyewahi kuona kasoro maana gereji wanavikagua vikiwa vimeachana.

Nikamuuliza mnafanyaje sasa.

"Tunavipa madereva tofauti."

Wale watatu waliotakiwa kurudi katikati ya Mei wamecheleweshwa mpaka Juni, mpaka waelewe vizuri roketi ilikuwa na nini. Cristoforetti kwa kuchelewa huko anaenda kuvunja rekodi ya mwanamke kukaa angani safari moja, siku 199 na kitu. Ana mashine ya kahawa, sio mbaya.

Jumapili, 5 Julai

Wiki iliyopita, tarehe 28 Juni, roketi ya Wamarekani, Falcon 9, imepasuka ikiwa na Dragon, mzigo wa kituo hicho hicho tena. La tatu hilo ndani ya miezi minane. Kwa hiyo juzi M-28M, Progress inayofuata, ilipokuwa inaondoka Baikonur asubuhi mi sikula kabisa. Safari hii hawakutumia 2.1a, wamerudi kwenye Soyuz-U, roketi ya zamani, ya miaka ya sabini, na wamechagua ile njia ndefu ya siku mbili. Wazee wakiogopa wanapanda gari wanalolijua.

Leo saa nne na kitu asubuhi imetia nanga Pirs. Kwenye skrini unaona kile kituo kinakuja taratibu, taratibu, msalaba unakaa katikati ya duara, halafu picha inatikisika kidogo na kutulia. Nilipiga kelele mpaka Mrundi akatupa mto.

Nikamtumia baba, "Limefika." Kimya kama saa nzima, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Halafu ikaingia, "Wamehesabu mzigo?"